Mayai ya Mama Mmoja

Msangano, siku yako ya mwisho nyumbani

Rabeka mwanangu,

Barua ya mtu mwenye adabu huanza kwa kuuliza hali. Hali yako naijua. Umekula viazi viwili asubuhi ukasema umeshiba, na sasa hivi uko kwa mama mchungaji, wanakwaya wenzako wanakuimbia nyimbo za kukuaga, nami nasikia hadi hapa kibarazani kwamba sauti ya pili inapotea. Hali yangu unadhani unaijua. Ndiyo maana nimechukua kalamu.

Sitakuambia uvae sweta, wala ulinde mzigo wako pale Tunduma, wala usinywe maji ya njiani. Shangazi yako amekuambia hayo tangu juzi, na kesho atakusindikiza mpaka kwenye lori akiwa bado hajamaliza. Mimi nataka kukuambia habari za nzige. Cheka kwanza. Najua mnavyosema nikianza: "Tata na nzige wake." Umekua ukizisikia vipande vipande, leo nataka uzisikie zote kwa mpangilio. Lori likishapita Isoka hutakuwa na kazi nyingine ila kutazama miti, na miti ya huko haina la kusema.

Unakwenda Kitwe kujifunza uuguzi, na utakaa nyumbani kwa kaka yako Yeremia. Yeye ndiye aliyekutafutia nafasi na yeye ndiye aliyetuma nauli. Barua zake zote huja kwa jina lako, na mwishoni huandika: "Msalimie mzee wa hapo." Mzee wa hapo! Utadhani mimi ni mlinzi wa ghala. Ulipokuwa unanisomea nilijifanya natengeneza mpini wa jembe, lakini nilikuwa nangoja neno moja tu, neno Tata, ambalo mwana humwita baba yake, na halikuja hata mara moja. Mpini ule nimeuchonga mpaka umekuwa mwembamba, haufai tena kwa jembe lolote.

Basi nikuambie wazi ninachokiogopa, maana kesho sitaweza kusema mbele ya shangazi yako. Naogopa kwamba utaondoka ukiniita Tata, na miaka ikipita barua zako nazo zitamsalimu mzee wa hapo. Mama yenu hayupo. Yeremia hayupo. Ukitoka wewe, nyumba hii itabaki na mimi na kuku mmoja ambaye hata yeye hulala kwa jirani.

Sasa nzige.

Kabla hujazaliwa, nzige walikula nchi hii. Walikula ulezi, wakala mtama, wakatafuna na nyasi za paa. Serikali ikamleta Mzungu mmoja mwembamba, aliyetembea ameinama kama mtu aliyedondosha sindano. Watu wakamwita Bwana Panzi, naye akaitika. Aliweka kambi kule chini kwenye mbuga za Rukwa, akatafuta vijana wa kuwa skauti wa nzige. Mimi nilichukuliwa kwa sababu nilijua kusoma kidogo na nilikuwa na miguu. Kazi yenyewe ilikuwa kupita kwenye nyasi, kutazama ni kitu gani kinaruka mbele yako, kisha kurudi kambini kusema.

Kwetu hakuna asiyemjua nzige. Nzige ni mgeni. Anakuja na wenzake, wekundu, wengi mpaka jua linafifia, na watu wanapiga madebe na kulia. Panzi ni mwenyeji. Anakaa peke yake kwenye nyasi, ana rangi ya nyasi, watoto wanamkamata, wanamnyofoa miguu na mabawa, wanamkaanga na chumvi kidogo. Nani atawachanganya hao wawili? Ni sawa na kumchanganya askari wa kodi na mpwa wako.

Kwa hiyo kila nikirudi kambini Bwana Panzi aliniuliza, "Umeona nzige?" nami nikamjibu, "Hapana, Bwana. Ni panzi tu."

"Wangapi?"

"Wa kitoweo," nikasema, na wenzangu wakacheka. Nilikuwa kijana mwenye mdomo, na mdomo huu haujazeeka pamoja na mwili.

Akataka nimletee mmoja amtazame. Nikamwambia tumeshawala. Hakucheka. Alisema kesho nisile kabla hajaona, nami nikaitikia, na kesho yake nikala, kwa sababu sikuona sababu ya kumbebea mtu mkubwa kitoweo cha watoto.

Mvua zikaanza. Maji ya ziwa yakapanda yakafunika mbuga, na panzi wangu wale wapole, kila mmoja na jani lake, wakabanwa kwenye vipande vya nchi kavu. Wakataga humo humo, jike juu ya jike. Baada ya muda nikapita pale asubuhi nikakuta ardhi inatembea. Walikuwa tunutu, watoto wa nzige wasio na mabawa bado, wekundu wenye madoa meusi, wote wameelekea upande mmoja. Nilikimbia mpaka kambini nikipiga kelele kwamba nzige wametoka ng'ambo ya ziwa.

Bwana Panzi alikuja, akachutama, akawatazama kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza kwa upole, "Wametoka ng'ambo bila mabawa?"

Nimetukanwa mara nyingi maishani, Rabeka, lakini hakuna tusi lililowahi kuniingia kama swali lile. Maana jibu lilikuwa miguuni pangu. Walizaliwa pale pale. Wazazi wao nilikuwa nawapita kila siku, na baadhi yao nilikuwa nao tumboni. Vijiji vya bondeni vilikula mizizi mwaka ule. Hakuna aliyekuja kunilaumu kwa sababu hakuna aliyejua ni mimi niliyesema ni panzi tu, na kama wangejua wasingelaumu, kwa kuwa kila mmoja wao angesema hivyo hivyo. Hilo halikunifariji. Nilikuwa nimewekwa pale kuona, nikaona, nikakiita kwa jina nililolizoea.

Hata hivyo sikuamini. Nilijua wamezaliwa pale, ila nikajiambia labda nzige wachache walijificha kati ya panzi. Bwana Panzi alikuwa na njia yake ya kuamua, na nilimsaidia kuifanya, basi nikueleze, kwa sababu utakwenda kufanya kazi inayofanana nayo.

Ukimpelekea mdudu, hakusema jina lake haraka. Alitazama rangi. Kisha alipima paja la nyuma, akapima na bawa, akalinganisha. Alimweka chini ya kioo cha kukuzia akafungua ncha ya mkia, kwa sababu alisema huko ndani wadudu wa aina moja hufanana hata kama nje hawafanani. Kisha akanigeukia mimi. Ulimkamata wapi? Kwenye nyasi gani? Alikuwa peke yake au na wenzake? Uliponyoosha mkono aliruka au alijibanza? Nikachoka. Siku moja nikamwambia, "Bwana, hii imekuwa kesi ya baraza."

Akaniuliza, "Barazani kwenu, shahidi mmoja anatosha?"

"Hatoshi. Hasa akiwa jirani. Jirani ana mambo yake."

"Basi rangi ni jirani," akasema.

Nilipenda jibu hilo. Mpaka leo mtu akiniambia fulani yuko hivi kwa sababu anaonekana hivi, moyoni nasema, huyo ni jirani, wako wapi mashahidi wengine? Nasema moyoni tu. Ningekuwa nafanya pia, barua hii ingekuwa fupi.

Shahidi aliyekuwa mkubwa kuliko wote kwa Bwana Panzi alikuwa yai. Alichukua watoto waliotoka katika mayai ya jike mmoja, akawagawa. Wengine akawaweka kila mmoja kwenye kizimba chake, wengine akawajaza katika kizimba kimoja. Mimi niliwapa majani. Wale waliokaa peke yao wakawa kijani kibichi, wapole, kila mmoja ameshika jani lake. Wale waliojazana wakageuka wekundu wenye madoa meusi, hawatulii, jua likipiga waya wanaanza kutembea wote upande mmoja. Nilitazama nikasema kimoyomoyo kwamba Mzungu huyu amewabadilisha usiku.

Unajua ubishi wangu. Nilipopata ruhusa ya kuja nyumbani, njiani nilimvizia jike mmoja wa rangi ya nyasi kavu, mpweke kabisa, amezamisha mkia mchangani anataga. Nikangoja amalize, nikachimbua mayai yake yakiwa yameshikana ndani ya povu, nikayaweka na mchanga wake ndani ya mkebe, nikayabeba mpaka Msangano kama mtu aliyebeba Ekaristi. Yalipoanguliwa, nikachukua chungu cha mboga cha mama yenu nikajaza humo tunutu wengi, nikafunga kitambaa mdomoni. Wengine nikawaweka kwenye vibuyu, mmoja mmoja. Mama yenu alinitazama akasema, "Nimeolewa na mtu, sasa naishi na mwendawazimu."

Yeremia alikuwa mdogo. Ndiye aliyekuwa analeta majani kila asubuhi. Wa kwenye vibuyu wakawa kijani. Wa kwenye chungu wakawa wekundu, wanahangaika kutwa, unasikia miguu yao ikikwaruza kama mchele unaomwagwa. Nikakaa chini. Mayai nilichimba mwenyewe, kitambaa nilifunga mwenyewe, na hapakuwa na Mzungu hapa Msangano. Panzi wa kitoweo na nzige wa njaa walikuwa watoto wa mama mmoja.

Yeremia akaniuliza, "Tata, huyu wa kibuyuni nikimtia chunguni akawa mwekundu, atakuwa nani?"

Nikamjibu, "Atakuwa yule yule. Amebadili nguo tu, amefuata wenzake."

Mama yenu, akiwa anapepeta ulezi, akasema bila kuinua uso, "Yaani umetembea mpaka Rukwa kujua kwamba watoto wa nyumba moja hawafanani?"

Nilikasirika, maana nilikuwa nimetembea kweli.

Basi nilijua. Naomba ulishike hilo tunapoendelea. Sikuwa mtu asiyejua. Nilikuwa nimejua kwa macho yangu, kwa mkono wangu, ndani ya chungu cha nyumbani kwangu, na mwanangu ndiye aliyeuliza swali, na mimi ndiye niliyetoa jibu.

Yeremia aliondoka wewe ukiwa mdogo wa kubebwa begani. Alikwenda migodini na vijana wa ukoo wetu wa upande wa pili, wale wa Nakonde ambao mpaka uliwaacha kule ukatuacha huku. Miaka ikapita. Akarudi siku ambayo unaikumbuka, nawe ulikuwa huna meno ya mbele.

Alikuja na suruali pana, kofia ameiinamisha upande mmoja, tai shingoni katika joto lile, na viatu vyenye rangi mbili. Alikuwa anacheka kwa sauti kubwa ya mtu aliyezoea kuzungumza penye mitambo. Wazee walikuwa wamekaa nami hapa hapa kibarazani. Wewe unajua jinsi mtoto wa kwetu anavyomfikia mzazi aliyemwacha muda mrefu: anachutama kwa mbali, anapiga makofi taratibu, anangoja aitikiwe. Yeye alikuja amesimama wima, akaninyooshea mkono kama karani, akasema, "Mwapoleni mukwai! Habari za siku nyingi?" Kibemba kwanza, Kiswahili cha migodini pili, na lugha ya mama yake haikuja kabisa.

Nilimwona mtu mwekundu mwenye madoa meusi. Nikaona ardhi inatembea.

Wazee walikuwa wananitazama nitafanya nini. Mdomo wangu ukafanya kazi kabla yangu. Nikamwuliza, "Kijana, karibu. Wewe ni wa ukoo gani?"

Wewe umekulia hapa, huhitaji kuelezwa. Hilo ndilo swali la kwanza tunalomwuliza mpita njia, tujue tumpe maji ya kunawa au kigoda cha kukalia, tujue kama ana ndugu hapa au hana. Hakuna anayemwuliza mwanawe. Nilidhani ni utani. Wazee wakacheka, na Yeremia naye akacheka kidogo, akinitazama, akingoja nimalize utani nimshike mkono. Ningeweza. Nafasi ilikuwepo, ndefu ya kutosha mtu kumeza mate. Nikaongeza, "Maana mimi nilikuwa na kijana anayefanana nawe, lakini yule alikuwa mtu wa hapa."

Akavua kofia. Hakujibu swali. Akaenda nyuma ya nyumba kwa mama yake.

Jioni ile tulikula pamoja. Unakumbuka? Mama yenu alipakua ugali, na Yeremia, akiwa na tai yake ile, akainama kwenye chungu, akabandua ukoko wote kwa vidole, akaupuliza upoe, akakupa wewe. Hakuuliza kama unautaka. Wewe ukaukwangua kwa ufizi wako, ukajisogeza, ukaketi miguuni pake kana kwamba hakuwahi kuondoka. Nilikuita baadaye nikakuuliza kwa ukali, "Unamjua yule?" Ukasema, "Ni kaka." Nikakuuliza umemjuaje, uso wake huukumbuki. Ukanijibu kana kwamba mimi ndiye mtoto: "Amenipa ukoko."

Nilikwenda kwa mama yenu. Nikamwambia kijana amebadilika, hata kukaa chini hawezi. Akasema, "Mimi suruali sikuitazama. Nilimzaa." Akaendelea kuosha vyombo.

Ona sasa. Mtoto asiye na meno alitazama tendo akajua. Mama aliuliza tumbo lake akajua. Mimi skauti wa nzige, niliyefundishwa kupima paja na bawa, nilimwuliza jirani. Asubuhi Yeremia hakuwepo, na viatu vya rangi mbili vilikuwa vimeacha alama kuelekea Tunduma. Nilizifuata mpaka kijito, nikajiambia atarudi, nikageuka. Hapo napo nilikosea. Mtu hafuati nyayo za mwanawe nusu njia.

Mama yenu alipofariki, habari zilimfikia Yeremia tumeshazika. Alituma blanketi. Lile ninalojifunika. Wewe ulidhani nalipenda kwa sababu ni zito.

Sasa nikuambie kinachonifanya nikuandikie, maana mambo ya nyuma ungeweza kuyakusanya mwenyewe. Utabadilika, Rabeka. Umekulia kibuyuni, wewe na mimi, tukishika kila mtu jani lake. Jioni nyingi hatukusema maneno kumi. Unakwenda mahali penye watu wengi kuliko unavyoweza kufikiri, wamejazana nyumba kwa nyumba. Utaanza kucheka kwa sauti. Utasema mukwai kabla hujakumbuka. Pengine utavaa viatu ambavyo nikiviona nitakohoa. Wapo watakaokuambia ukatae yote hayo, ubaki kama ulivyo. Mimi sikuambii hivyo. Niliona ndani ya chungu kwamba hakuna anayejazana na wenzake akabaki kijani, na hakuna kosa ndani yake. Mwili unajibu mahali ulipo.

Na huko hospitali wataletwa watu wamepangwa tayari: huyu ni wa kabila hili, wale ni wezi, wale ni wachafu, hawa ni walevi. Wewe mwenyewe watakupanga. Karani akiona wewe umeandikwa Namwinga na kaka yako Simwinga atasema si ndugu, hajui kwamba kwetu jina la mwanamke na la mwanamume huanza tofauti. Usimkasirikie. Mwambie tu, kama Bwana Panzi, kwamba aulize na mashahidi wengine. Na wewe mgonjwa akija, usimalize kazi kwa macho. Muulize alikuwa wapi, amekula nini, nani yuko naye, nani hayuko. Hilo la mwisho usilisahau. Watu wengi wanaumwa kwa sababu hayupo mtu.

Jambo moja Bwana Panzi hakunieleza, nimeligundua mwenyewe hapa. Tulizoea kusema wale wa chunguni ndio waliobadilika, na wa kibuyuni ndio waliobaki. Si kweli. Wote walibadilika. Yai halikuwa kijani wala jekundu. Upweke nao ulikuwa unapaka rangi yake, taratibu, na kwa sababu ni rangi ya nyasi hatukuiona. Mimi nimekaa peke yangu ndani ya kiburi changu miaka yote hii, hata mkiwa mmekaa nami, nikadhani mimi ndiye niliyebaki vile vile, Yeremia ndiye aliyegeuka. Pengine alipokuja siku ile, yeye naye alimwona mtu asiyemjua kibarazani, mwenye sura ya baba yake. Lakini yeye alinyoosha mkono.

Nakuomba mambo mawili, kisha nikuache. La kwanza, ukirudi, uje vyovyote utakavyokuwa. Sitakuuliza chochote mlangoni. La pili nitalisema mwishoni kwa sababu bado linachemka jikoni.

Kibaraza kimeingia kivuli. Jirani amewasha moto, naona moshi wake tu. Nimekuwa nikijizoeza tangu wiki iliyopita, hujui. Ukienda mtoni nakaa nasikiliza nyumba ilivyo bila wewe. Inasema mambo madogo: panya kwenye dari, mlango unaojigonga. Nilidhani mtu akijizoeza upweke mapema unapungua. Haupungui. Unaupata mara mbili.

Nyimbo zimekwisha. Nasikia wanaagana, na shangazi yako anaanza tena habari za sweta. Utafika sasa hivi, utashangaa kukuta chakula kipo tayari, maana leo nimepika mimi. Nilijifunza kambini, kupika hakusahauliki. Utasema nimeunguza. Sikuunguza. Nimeuacha ugali juu ya moto makusudi mpaka ushike chini, nikaupakua, nikaubandua ukoko wote mzima, mpana kama sahani, nikauanika juu ya makaa. Usiule. Nimeufunga ndani ya kitambaa cheupe cha mama yenu pamoja na barua hii. Ukifika Kitwe ukoko utakuwa umekauka kama kigae, hata ukigongwa utalia. Si kitu.

La pili ndilo hili: mpe kaka yako ukoko huu mkononi kabla hujaketi. Mwambie: siku ile Tata alikuuliza wewe ni wa ukoo gani, ukanyamaza. Amejibu mwenyewe.

Ni mimi,
Baba yenu